Aliyekiri Kosa na Haki Yake ya Kukata Rufani: Mazungumzo kwa Wakazi wa Malolo

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya elimu ya sheria yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakazi wa Kata ya Malolo, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Yanachapishwa kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote.



Katika chumba cha mahakama yapo maneno mawili mafupi ambayo uzito wake haulingani na ufupi wake. Maneno hayo ni "Ni kweli." Mshtakiwa huyatamka kwa pumzi moja, pengine akiwa na hofu, pengine akiwa na haraka ya kurudi shambani. Lakini yakishaandikwa na hakimu, hayo ndiyo huwa ushahidi wote wa shauri. Hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna swali litakaloulizwa kwa upande wa mashtaka, na mlango wa rufani unafungwa karibu wote.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza mlango huo umefungwa kiasi gani, nafasi zipi zimebaki wazi, na mwananchi afanye nini kabla na baada ya maneno hayo kutamkwa.

Hali ya Malolo

Malolo ni kata ya wakulima iliyo katika bonde la Mto Ruaha Mkuu. Vitunguu vinavyolimwa kwa maji ya mifereji ndiyo tegemeo la kaya nyingi. Ng'ambo ya mto iko Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, na njiani kuelekea Morogoro mjini iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita jirani, nayo huleta biashara pamoja na wageni. Katika mazingira ya namna hiyo mashauri ya jinai hayakosekani: mifugo kuingia mashambani, ugomvi wa zamu za maji, uchomaji wa mkaa bila kibali, kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi, na kukamatwa ndani ya mipaka ya hifadhi.

Kutoka Malolo hadi Kilosa mjini, yalipo makao ya Mahakama ya Wilaya, ni safari ndefu yenye gharama. Mkulima anayehudhuria mahakamani mara nne au tano hupoteza nauli, siku za kazi na zamu yake ya maji, na kitunguu hakimsubiri mtu. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi vijijini, na wakati mwingine kwa nia njema kabisa, ni "Kubali yaishe." Anayetoa ushauri huo huamini kwamba mshtakiwa atatozwa faini ndogo na kurejea nyumbani jioni. Inapotokea kwamba kosa lenyewe lina kifungo cha miaka mingi, mshauri hayupo kizimbani, na aliyekubali hubaki peke yake.

Sheria inasemaje

Namba za vifungu vitakavyotajwa ni zile za Toleo la Sheria la mwaka 2019. Matoleo ya sheria hupangwa upya kila baada ya muda, na namba zinaweza kubadilika. Hivyo kila anayetaka kukata rufani amwulize karani wa mahakama namba iliyopo katika toleo linalotumika.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Hiyo ndiyo kanuni kuu. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu cha 360(1), inaweka mpaka. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu aliyekiri kosa mbele ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na akatiwa hatiani kwa kukiri huko, haruhusiwi kukata rufani isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu aliyopewa.

Kwa Mahakama ya Mwanzo, ambako ndiko mashauri mengi ya vijijini huanzia, sharti kama hilo limo katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, kifungu cha 20(2). Aliyekiri kosa katika Mahakama ya Mwanzo anaweza kukata rufani Mahakama ya Wilaya kuhusu adhabu au amri ya kulipa fidia, si kuhusu kutiwa kwake hatiani.

Sababu ya mpaka huo ni ya maana. Mtu mzima mwenye akili timamu aliyeulizwa waziwazi kama ametenda kosa, akajibu kwamba ametenda, hawezi kuachiwa ageuke baada ya kusikia adhabu na kusema alikuwa akitania. Mahakama zisingefika mwisho wa shauri lolote, na walalamikaji, ambao nao ni wananchi wa Malolo walioibiwa au kuumizwa, wasingepata haki yao.

Lakini sheria hiyo ina msingi wake: kukiri kunakofunga mlango wa rufani ni kukiri kwa kweli. Kama mshtakiwa hakukiri kwa namna ambayo sheria inataka, basi mbele ya sheria hakukiri, na mpaka wa kifungu cha 360(1) haumhusu. Hapo ndipo nafasi za rufani zinapopatikana.

Kukiri kwa kweli ni kupi

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililotoka Kenya. Uamuzi huo uliweka hatua ambazo hakimu anapaswa kuzifuata, nazo zinafuatwa hadi leo katika nchi zetu. Kwanza, mashtaka pamoja na vipengele vyote vya kosa visomwe na kufafanuliwa kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoifahamu. Pili, jibu la mshtakiwa liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Na kama jibu ni la kukiri, lirekodiwe hivyo. Tatu, mwendesha mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukanusha, kueleza au kuongeza jambo. Nne, kama mshtakiwa hakubaliani na maelezo hayo, au anasema jambo linaloleta shaka juu ya hatia yake, jibu hilo liandikwe na shauri lihesabiwe kuwa amekana. Tano, kama hakuna mabadiliko, ndipo atiwe hatiani, na maelezo ya shauri pamoja na jibu lake yabaki katika kumbukumbu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeendelea kusisitiza jambo hilo hilo. Katika Rufani ya Jinai Na. 399 ya 2019, iliyoamuliwa mwaka 2021, ilikusanya masharti ya kukiri kusiko na utata: hati ya mashtaka iwe sahihi na itaje kosa linalojulikana kisheria, mahakama ijiridhishe bila shaka kwamba mshtakiwa ameelewa anachokabiliana nacho, kila kipengele cha kosa kifafanuliwe na mshtakiwa akikubali au kukikataa, majibu yaandikwe wazi, na maelezo ya shauri yaonyeshe vipengele vyote vya kosa kabla ya kumtia mtu hatiani.

Ili jambo hili lieleweke, uchukuliwe mfano ambao si wa mtu yeyote. Kijana kibarua wa shamba la vitunguu anakutwa njiani na baiskeli iliyoibwa. Mashtaka yanasema alikutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Anaposomewa, anajibu: "Ni kweli nilikutwa nayo, lakini nilipewa na tajiri wangu niipeleke Mikumi." Jibu hilo si la kukiri. Kijana amekubali kuwa na baiskeli; hajakubali kwamba aliipata isivyo halali. Nusu ya pili ya jibu lake ndiyo utetezi wake. Hakimu anapaswa kuandika jibu lote na kulihesabu kuwa ni la kukana, kisha mashahidi waitwe. Kama amehesabiwa kuwa amekiri, kijana huyo ana msingi wa rufani.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayesema, "Nilimpiga, lakini alinijia na panga," au, "Ng'ombe ni wangu, lakini hawakuingia katika shamba hilo." Neno "lakini" mahakamani ni dogo kwa sauti na kubwa kwa maana. Mshtakiwa asilimeze.

Misingi minne ya rufani

Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri, ilitaja misingi minne ambayo aliyetiwa hatiani kwa kukiri anaweza kuitumia kupinga hatia yenyewe. Mahakama zimekuwa zikiirejea misingi hiyo kwa miaka mingi.

Msingi wa kwanza ni kwamba jibu la mrufani, hata likisomwa pamoja na maelezo ya shauri aliyoyakubali, halikuwa kamili, lilikuwa na utata, au lilikatishwa, hivyo mahakama ilikosea kisheria kulihesabu kuwa ni kukiri. Mfano wa baiskeli uko hapa. Hapa pia lipo shauri ambalo maelezo ya upande wa mashtaka hayakusomwa kabisa, au yalisomwa na mshtakiwa hakuulizwa kama anayakubali.

Msingi wa pili ni kwamba mrufani alikiri kwa makosa au kwa kutoelewa. Mfugaji aliyezoea Kimaasai au Kisukuma, mzee aliyezoea Kividunda au Kisagara, anaweza kusomewa mashtaka kwa Kiswahili cha kisheria na akaitikia kwa heshima tu. Sheria inamtaka hakimu ahakikishe kuna mkalimani pale mshtakiwa asipoifahamu lugha inayotumika. Msingi huu hata hivyo hauthibitishwi kwa madai matupu. Mrufani sharti aonyeshe katika kumbukumbu za shauri, au kwa sababu nyingine nzito, kwamba hakuelewa.

Msingi wa tatu ni kwamba hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Mtu hawezi kukiri kosa ambalo halipo. Kwa wakazi walio jirani na hifadhi za Taifa, jambo hili si la nadharia. Mwaka 2021, katika Rufani ya Jinai Na. 512 ya 2019, Mahakama ya Rufani ilichunguza shtaka la kuingia katika hifadhi ya Taifa bila kibali lililofunguliwa chini ya kifungu cha 21(1)(a) cha Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Ilibaini kwamba marekebisho ya mwaka 2003 yaliyaondoa katika kifungu hicho maneno yaliyokuwa yakiunda kosa lenyewe, na hivyo shtaka hilo halikuwa na mguu wa kusimamia. Shauri hilo halikuwa la kukiri, mashahidi walisikilizwa. Lakini funzo lake linamhusu anayekiri pia, kwa sababu jibu la "Ni kweli" haliwezi kuziba pengo lililomo katika sheria yenyewe. Isichukuliwe kwamba hifadhi ni malisho ya wazi. Kuwinda, kubeba silaha ndani ya hifadhi na kukutwa na nyara za Serikali ni makosa mazito ambayo adhabu zake hazina mzaha.

Msingi wa nne ni kwamba, kwa maelezo yaliyokubaliwa, mrufani asingeweza kisheria kutiwa hatiani kwa kosa aliloshtakiwa. Hapa hati ya mashtaka ni sahihi na jibu ni wazi, lakini maelezo yaliyosomwa hayafikii kosa. Ikiwa mtu ameshtakiwa kwa wizi, na maelezo yanasema tu kwamba alionekana usiku karibu na ghala, kukubali maelezo hayo si kukubali wizi.

Rufani kuhusu adhabu

Aliyekiri kikamilifu, ambaye hana hata msingi mmoja kati ya hiyo minne, bado anaweza kulalamikia adhabu. Anaweza kusema kwamba adhabu ilizidi kiwango kilichowekwa na sheria, au hakimu hakuwa na mamlaka ya kuitoa, au kwamba ni kubwa kupita kiasi kwa mazingira ya kosa. Kwa kawaida mahakama huzingatia kwamba mtu amekiri mapema, hakuisumbua mahakama wala mashahidi, na ni mkosaji wa mara ya kwanza. Kama hakimu hakuyazingatia hayo, mahakama ya juu inaweza kupunguza adhabu.

Lakini pale sheria ilipoweka kiwango cha chini cha adhabu, kukiri hakushushi kiwango hicho. Hili lisisitizwe kwa nguvu zote, kwa kuwa ndilo linalowapata wengi bila kutarajia. Yapo makosa, baadhi ya yale ya kujamiiana yakiwamo, ambayo kifungo chake cha chini ni miaka 30. Anayeshauriwa "Kubali yaishe" kwa kosa la namna hiyo anashauriwa jambo ambalo haliishi.

Muda wa kukata rufani

Haki ya rufani ina siku zake. Anayekata rufani kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu anatakiwa, kwa mujibu wa kifungu cha 361 cha Sura ya 20, kutoa notisi ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10 tangu siku ya hukumu au adhabu, na kuwasilisha petisheni ya rufani ndani ya siku 45. Siku zilizotumika kusubiri nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu hazihesabiwi. Anayekata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30.

Aliyepitwa na muda hajapoteza yote. Anaweza kuomba aongezewe muda akieleza sababu ya msingi ya kuchelewa. Kuchelewa kupewa nakala, ugonjwa, au kuhamishwa gereza ni mambo yanayoweza kuelezwa kwa vielelezo. Kusema tu kwamba mtu hakujua sheria, kwa kawaida, hakutoshi.

Aliye gerezani hahitaji kutoka nje ili akate rufani. Notisi na petisheni yake humkabidhi Mkuu wa Gereza, naye anawajibika kuzipeleka mahakamani. Ndugu wanaomtembelea mfungwa wamwulize mapema, ndani ya wiki ya kwanza, kama ametoa notisi, na tarehe aliyoitoa waiandike.

Mashauri ya Kilosa yanayokwenda Mahakama Kuu husikilizwa katika Masjala Ndogo ya Morogoro. Anayeona kwamba ana hoja nzito anaweza pia kuomba dhamana wakati rufani yake inasubiri kusikilizwa, ingawa dhamana ya namna hiyo haitolewi kwa wepesi.

Kumbukumbu za mahakama

Jaji anayesikiliza rufani hakuwapo siku mshtakiwa aliposomewa mashtaka. Hakuiona hofu yake wala hakuisikia sauti yake. Anachokiona ni karatasi: hati ya mashtaka, maneno yaliyoandikwa kuwa jibu, maelezo ya upande wa mashtaka, na hukumu. Uamuzi wa mwaka 1998 katika shauri la Halfani Sudi dhidi ya Abieza Chichili ulieleza kwamba kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa ni za kweli na hazitenguliwi kirahisi. Kwa hiyo mrufani anayedai kwamba alisema jambo ambalo halikuandikwa ana mlima wa kupanda.

Yafuatayo basi ni mambo ya kufanya siku ya kusomewa mashtaka. Mshtakiwa asikilize hadi mwisho. Asipoelewa, aseme kwa sauti kwamba hajaelewa, na aombe afafanuliwe au apewe mkalimani. Asijibu kwa kutikisa kichwa. Kama anakubali sehemu na kukataa sehemu, aseme yote mawili kwa sentensi kamili. Mwendesha mashtaka anapomaliza kusoma maelezo, mshtakiwa ataje waziwazi lile asilolikubali. Na kama amekwisha kukiri kisha akatambua kosa lake kabla adhabu haijatolewa, amwambie hakimu papo hapo kwamba anataka kubadili jibu. Kabla ya adhabu mahakama ina uwezo wa kumruhusu. Baada ya adhabu, njia ni rufani peke yake.

Tangu marekebisho ya Sheria Na. 1 ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Hii ni nafuu kubwa, kwani mwananchi anaweza kusoma mwenendo wa shauri lake na kuona kama maneno yake yameandikwa alivyoyasema. Nakala ya mwenendo iombwe kwa maandishi, na barua ya maombi iwe na tarehe na mhuri wa kupokelewa.

Makubaliano ya kukiri kosa

Mwaka 2019 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilirekebishwa kuruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa. Utaratibu huu hauhusu makosa yote, na hauna uhusiano wowote na maneno ya pembeni yanayosemwa katika korido ya mahakama. Makubaliano halali huandikwa, hutiwa sahihi na kusajiliwa mahakamani, na mahakama humwuliza mshtakiwa kama ameingia kwa hiari. Aliyeingizwa bila hiari yake au kwa kudanganywa anaweza kuiomba mahakama iliyotoa adhabu itengue hatia na adhabu hiyo. Mtu yeyote anayemwahidi mshtakiwa kwamba "mambo yamezungumzwa" bila karatasi hajaingia makubaliano yoyote yanayotambuliwa na sheria.

Rufani ikishinda

Si kila anayeshinda rufani hurudi nyumbani siku hiyo. Kama kosa lilikuwa katika namna ya kupokea jibu, Mahakama Kuu kwa kawaida hufuta hatia na adhabu, kisha huamuru jalada lirudi mahakama ya chini ili mrufani asomewe mashtaka upya. Hapo anaweza kukana, mashahidi wakaja, na akatiwa hatiani kwa ushahidi. Kama hati ya mashtaka haikuwa na kosa lolote, au haki inadai shauri liishie hapo, mrufani huachiliwa. Uamuzi wa mwaka 1966 katika shauri la Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri uliweka kanuni kwamba shauri lisirudiwe kwa nia ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake, bali lirudiwe pale tu haki inapohitaji hivyo.

Kwa sababu hiyo, anayefikiria kukata rufani ajiulize maswali mawili. La kwanza: je, kumbukumbu zinaonyesha kasoro mojawapo kati ya zilizotajwa? La pili: je, shauri likianza upya, anao utetezi wa kweli? Aliyetenda kosa, akakiri kwa uwazi na akapewa adhabu ya haki, atatumia muda wake vizuri zaidi kwa kutumikia adhabu na kurejea kwa watu wake kuliko kwa kufungua rufani isiyo na mbegu. Ila yule ambaye hakukiri, na akahesabiwa kuwa amekiri, asikae kimya kwa aibu.

Msaada unapatikana wapi

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, lakini anaweza kumweleza mwananchi haki zake, kumsaidia kuandaa nyaraka na kumwelekeza panapostahili. Pale haki inapohitaji, hakimu au jaji anaweza kuelekeza kwamba mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada huo. Maofisa wa maendeleo ya jamii katika kata na wilaya wanaweza kuulizwa mahali watoa huduma hao walipo.

Viongozi wa vitongoji na vijiji wanakumbushwa kwamba wao ndio wanaofuatwa kwanza mtu anapokamatwa. Wasimwambie mtu akiri, na wasimwambie akane. Hilo si lao. Wamwambie asikilize, aelewe, na aseme ukweli wote badala ya nusu yake. Watumishi wa mahakama, polisi na magereza nao wanakumbushwa kwamba notisi ya rufani iliyokaa mezani siku 11 imemnyima mtu haki aliyopewa na Katiba.

Kwa wasomaji wa Zanzibar ifahamike kwamba mwenendo wa mashauri ya jinai huko unaongozwa na Sheria Na. 7 ya 2018, na muda wa rufani ufuatwe kama ulivyowekwa katika sheria za huko. Mahakama ya Rufani ya Tanzania husikiliza rufani za jinai kutoka pande zote mbili za Muungano, na swali linaloulizwa juu ya mtu aliyekiri ni lile lile: je, alielewa, na je, alikubali kosa lenyewe?

Ndugu wananchi, ukweli hauogopi mahakama. Aliyetenda kosa na akakiri kwa dhati anaheshimiwa na sheria, na kukiri kwake huhesabiwa upande wake. Kinachokatazwa ni kukiri kwa haraka, kwa hofu au kwa ushauri wa mpita njia. Siku moja ya zamu ya maji ikipotea, jaruba moja la vitunguu linaweza kukauka, na msimu ujao litapandwa tena. Miaka ya kifungo iliyotokana na jibu lisiloeleweka hairudishwi na msimu wowote.